Marahaba Kutoka Kabatini

Jirani yangu Mama Siwema anaapa kwa kaburi la mama yake kwamba kishikwambi cha darasa la pili kimesema. Alikuwa anapita chini ya dirisha la shule, beseni la vitumbua kichwani, akasikia watoto wamesimama wanaamkia, "Shikamoo mwaliimu!" Na chenyewe, palepale kitini kilipokaa, kikaitikia, "Marahaba. Kaeni."

"Sauti ya kike, Zena," aliniambia, ameegemea mlango wangu. "Sauti ya mtu aliyelelewa kwao. Halafu kikakohoa."

"Kikakohoa?"

"Koh, koh! Nikasema jamani, mafua ya mwaka huu hayachagui. Kesho nampa Siwema tangawizi akipelekee."

"Makubwa," nikasema, nikainama nichambue mchele wangu, maana uso ulikuwa unaniwaka.

Aliyekohoa ni mimi.

Nimekula kiapo nisiliseme jambo hili kwa mtu yeyote, mahali popote, kwa mdomo. Habari ya kuandika kiapo hakikuigusa. Nadhani waliokitunga hawakufikiria kwamba mtu wa darasa la saba anaweza kuandika.

Nchi yetu sitaitaja jina. Si kwa woga. Jina lipo kwenye matengenezo tangu mwaka juzi, na tumeombwa tuwe na subira.

Kishikwambi kilikuja kwa msafara. Magari ya mbele yalibeba polisi, ya nyuma yalibeba bendi, na la katikati lilimbeba Mheshimiwa Dokta Majura, Waziri wa Elimu na Vioo. Udokta wake alitunukiwa na chuo alichokifungua mwenyewe, siku ileile ya kukifungua. Kishikwambi alikipakata kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Zamani mwalimu alikuwa mtu. Mtu anaugua! Mtu anachoka! Mtu anaomba ruhusa ya msiba, anazika mjomba, mwezi ujao anamzika tena mjomba yuleyule! Kuanzia leo mwalimu ni kioo. Na kioo, ndugu zangu, hakina mjomba!"

Tulipiga makofi. Hata mimi nilipiga, na mjomba wangu alikuwa amesimama pembeni yangu.

Kwa kuwa darasa moja haliwezi kuwa na walimu wawili, Mwalimu Ndimbo, aliyefundisha darasa la pili tangu mimi mwenyewe nikiwa darasa la pili, alipandishwa cheo. Akawa Mgeuza Sola Daraja la Tatu. Kazi yake ni kusimama uwanjani ameshika ubao wa sola kifuani na kuugeuza jua linakogeukia, ili mwalimu mpya asiishiwe chaji. Asubuhi anatazama mashariki, jioni anatazama magharibi. Saa sita anaulaza kichwani.

Kishikwambi kikakalishwa kwenye kiti cha mwalimu, juu ya mto, na mke wa Mwalimu Mkuu akakiwekea kitambaa cha kufuma mgongoni. Kijana mmoja wa kampuni iliyokiuza akasogea atuonyeshe kinavyofanya kazi. Akanyoosha kidole. Mwalimu Mkuu, Bwana Kandoro, akamdaka mkono hewani.

"We kijana! Unamgusa mwalimu usoni? Mbele ya wanafunzi wake?"

"Mzee, ndivyo kinavyofunguka. Unagusa hapa, halafu masomo yote yanatokea, hadithi, hesabu, picha za..."

"Huko kwenu labda mnagusana nyuso. Hapa shuleni kwangu, hapana."

Kijana akamtazama Waziri kwa kuomba msaada. Mheshimiwa akakohoa kidogo, akarekebisha tai.

"Elimu bila adabu ni kelele," akasema, na bendi ikapiga.

Basi hakikuguswa. Kikabaki na maneno matatu kwenye kioo, meupe, makubwa: *Gusa hapa kuanza.*

Kesho yake ndipo shida ilipoanza. Watoto waliingia, wakasimama nyuma ya madawati yao, wakaamkia. Na kila aliyepita shule katika nchi yetu anajua kwamba ukishamwamkia mwalimu hukai mpaka aitikie na akwambie ukae. Kishikwambi hakikuitikia. Watoto wakaamkia tena. Kimya. Saa nne wakaanza kubadilisha miguu. Bwana Kandoro aliitwa, akafika, akaona, na akasema kwa masikitiko kwamba hawezi kuwakalisha wanafunzi wa mwalimu mwenzake bila idhini yake, huko ni kumdhalilisha. Kufika saa saba binti wa fundi baiskeli akaanguka. Wenzake wakamwonea wivu, kwamba yeye amelala.

Wazazi na majirani tulikwenda shuleni kwa hasira. Nasema ukweli, hatukukasirika kwamba watoto wamesimama.

"Kitu gani kisichoitikia salamu?" alifoka Mama Siwema. "Hicho kimelelewa na nani?"

Malalamiko yakapanda mpaka juu. Ikaundwa Tume ya Taifa ya Kuchunguza Ukimya wa Vishikwambi. Tume ikasafiri nje, ikakaa muda mrefu katika nchi ambazo hakuna mtu anayesema shikamoo, kujifunza wenzetu wanaitikiaje. Iliporudi ikatoa mapendekezo. Kuwafundisha watoto kukaa bila kuitikiwa, hapana, taifa litaoza. Kukigusa, hapana, jambo hilo lilishatolewa maamuzi. Kumrudisha Mwalimu Ndimbo, hapana, hakuna mtu anayeshushwa cheo bila kosa. Kwa hiyo kila kishikwambi kipewe Mwitikiaji, kwa majaribio, kuanzia na shule yetu.

Usaili ulifanyika ofisini kwa Bwana Kandoro. Walikuwepo wakubwa wawili kutoka wizarani na jagi la juisi.

"Umesoma mpaka wapi?" akaniuliza mmoja.

"La saba, mzee."

"Hukuendelea?"

"Sikuchaguliwa."

"Vizuri sana," akasema, akamtazama mwenzake kwa furaha. "Hawa walioendelea wana tabia ya kuongeza neno."

Nikaambiwa niseme marahaba kama mtu mzima. Nikasema. Nikaambiwa niseme kama mtu mzima anayetumia umeme. Sikujua hiyo inakuwaje, nikasema vilevile lakini bila kutabasamu, wakaandika kitu. Kisha nikala kiapo: nitatamka maneno mawili tu, Marahaba na Kaeni, na neno lolote zaidi ya hayo litahesabika ni kuingilia mfumo, ambalo ni kosa kubwa kuliko kumpiga mwalimu. Bwana Kandoro alipoomba nipewe na Kwaherini, kwa sababu watoto wanashindwa kuondoka, wakubwa wakasema ombi lake lipelekwe kwa njia ya kawaida. Bado lipo njiani. Watoto huondoka njaa inapowashinda adabu.

Ofisi yangu ni kabati la mbao nyuma ya kiti, lile ambalo Mwalimu Ndimbo alikuwa anatunzia ramani. Kwenye mlango wake imebandikwa picha ya Kiongozi Mkuu, na mimi nalitazama darasa kupitia tundu la pua yake ya kushoto. Fundi alitaka kutoboa jicho ili nione vizuri, lakini sheria inakataza kumtoboa Kiongozi jicho. Pua haikutajwa.

Kutoka puani naona kila kitu. Naona watoto wanaingia, wanasimama, wanaamkia. Naitikia. Wanakaa. Halafu wanakaa tu. Macho mbele, mikono juu ya dawati, wanamtazama mwalimu usoni, na mwalimu anawatazama na maneno yake matatu. Wiki za mwanzo niliona wengine wanasinzia. Baadaye wakaanza kuyachora yale maneno kwenye madaftari. Wanayachora vizuri mno, jamani. Mkunjo wa G, mkia wa p uliowasumbua mwanzoni, nafasi kati ya neno na neno, yote. Wanachora kama mtu anavyochora nyumba au ng'ombe. Hakuna hata mmoja anayejua kwamba ile ni sauti.

Mkaguzi alikuja. Akakusanya madaftari, akayapekua, akatokwa na machozi. "Darasa la pili," akasema, "na wanaandika sentensi nzima!" Mtihani wa mkoa ukabadilishwa palepale: mtoto aandike anachokiona usoni kwa mwalimu wake. Wote walifaulu. Redio ikatangaza kwamba nchi yetu imefuta ujinga kabla ya muda uliopangwa, ikapiga wimbo, ikatangaza bei ya vitunguu.

Siku hiyo niliporudi nyumbani, watu njiani walikuwa wanapongezana. Mama Siwema akanikumbatia. Nikasimama mle kwenye mikono yake kama nguzo, sijui mikono yangu niiweke wapi.

Sasa nimseme Siwema mwenyewe. Mfupi, meno ya mbele hayajarudi, anakaa dawati la kwanza. Yeye ndiye mtoto pekee anayebaki darasani wakati wa mapumziko. Wenzake wakitoka, yeye anakwenda mbele na kusimama karibu na kiti, mikono nyuma, kwa heshima zote.

"Mwalimu, mama amekuletea tangawizi na vitumbua," akasema siku ya kwanza, akaviweka kwenye mto. Akatoka nje kwa kunyata ili mwalimu ale asione haya.

Nilivila. Ningeviacha, angerudi akavikuta, angelia. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nilivila kabatini, gizani, na vilikuwa vitamu.

Jioni Mama Siwema akaja mbio. "Zena, kimekula vyote! Na tangawizi! Mwalimu Ndimbo alikuwa anabakiza, yule. Hiki kinajua utu."

Siku za baadaye Siwema akaanza kuuliza. Alikuja na pakiti ya chumvi, akaiinua mbele ya kioo, akaelekeza kidole. "Mwalimu, hii inaitwaje?" Ilikuwa CH. Pua ya Kiongozi na kidole cha mtoto havikuachana hata hatua mbili. Nilikuwa naiona ile CH kama naiona sasa. Akangoja. Akageuza pakiti upande wa pili, labda mwalimu haoni vizuri, akangoja tena. "Basi kesho, mwalimu," akasema kwa upole, kama anayemliwaza mtu, na akakirekebisha kile kitambaa cha kufuma kilichokuwa kimeteleza.

Nilibana mdomo kwa mkono. Nje dirishani nilimwona Mwalimu Ndimbo na ubao wake kifuani. Alikuwa amegeukia darasa badala ya jua. Alisikia, najua alisikia. Bwana Kandoro akampigia kelele kutoka ofisini, "Ndimbo! Magharibi!" naye akageuka.

Haraka ya Siwema haikuwa ya kitoto. Mama yake hajui a wala be, na pale sokoni kwetu kuna vibao vya marufuku kuuza ambavyo Halmashauri huvihamisha kila inapojisikia. Leo hapa panaruhusiwa, kesho kibao kimesimama hapohapo. Wanaojua kusoma wanahama na kibao. Mama Siwema mara mbili amekutwa amekaa chini ya kibao kabisa, amekiegemea, ameanika kanga yake juu yake. Mara ya kwanza walimwaga vitumbua. Mara ya pili walichukua beseni na kikaango, na askari akamwambia akirudia tena anafukuzwa soko lote, asikanyage. Wanakula kwa vitumbua hivyohivyo, mtoto na mama. Hakuna mwingine nyumba ile.

"Siwema akishajua kusoma tu," huwa ananiambia, "nitakaa naye pembeni baada ya shule. Awe ananisomea. Mama, hapa sogea. Mama, hapa kaa. Basi, sitaki kingine."

Jioni moja nilijaribu. Siwema alikuwa jikoni kwangu, nikamwaga unga kidogo kwenye ungo, nikaandika herufi moja kwa kidole. Nikasema, "Hii..."

"We Zena!" Mama yake ameingia. Akaufuta unga kwa kiganja, si kwa ubaya, anacheka. "Usimchanganye mtoto, mwanangu. La saba yako ya zamani, na mwenzio ana mwalimu wa kioo. Akija kufundishwa vitu viwili tofauti?"

"Ni herufi tu, shikamoo mama, ni zilezile..." Niliamkia katikati ya maneno, kwa kuchanganyikiwa.

"Marahaba, marahaba. Mwache. Kinamfundisha polepole. Kina subira kile, hata hakigombi."

Ningeweza kumwambia pale. Nilikuwa na mdomo, na hakukuwa na kabati. Nikaokota ungo.

Halafu ikaja Siku ya Kioo Kitaifa, na Mheshimiwa Dokta Majura akachagua shule yetu. Darasa likapakwa rangi ukuta mmoja, ule utakaopigwa picha. Kabati langu likasogezwa karibu zaidi na kiti, na Bwana Kandoro akachuchumaa mlangoni kunionya.

"Zena. Maneno mawili."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kaza sauti kidogo. Kuna wageni kutoka nchi zinazotaka kununua mfumo wetu. Kesho wakikubali, shule zote za nchi hii zinapata Mwitikiaji. Wewe utakuwa Mwitikiaji Mkuu. Unaelewa?"

"Naelewa, mwalimu."

"Na usikohoe."

Wazazi tuliambiwa, yaani waliambiwa, wakae nyuma. Mama Siwema alivaa kanga mpya, na kitambaa cha kichwa alichokipiga pasi mpaka kikawa kinasimama chenyewe. Nilimwona kutoka puani anajifuta mikono mara kwa mara, ingawa haikuwa na kitu.

Watoto wakaamkia. Nikaitikia. Wakakaa kwa mpigo mmoja, na wageni wakashangaa, wakapiga picha. Mheshimiwa akaonyesha madaftari. "Darasa la pili! Sentensi nzima! Naomba mtaje nchi nyingine." Hawakuitaja. Akawauliza wazazi, kwa kuwa ndivyo ratiba ilivyoandikwa, kama kuna mwenye neno la shukrani. Mwenye neno la shukrani alikuwa ameshaandaliwa, mke wa Bwana Kandoro, na alishaanza kuinuka.

Lakini Mama Siwema ndiye aliyefika mbele. Hakumtazama Waziri. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye kiti, akasimama mbele ya kishikwambi, akakunja magoti kidogo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mwalimu," akasema.

Nisaidieni. Yule ni mtu wa rika la mama yangu mzazi. Ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua mtoto aliyekufa. Kila asubuhi mimi ndiye ninayempigia goti, mimi ndiye ninayesema shikamoo, naye ndiye anayesema marahaba, na haijawahi kuwa kinyume, katika nchi hii wala nyingine yoyote haiwezi kuwa kinyume. Sasa ameinama mbele yangu, mbao nyembamba tu katikati, na darasa zima linangoja. Kiatu cha Bwana Kandoro kikagonga kabati. Mara moja. Mara ya pili.

"Marahaba," nikasema. "Kaa... Kaeni."

Sauti yangu ilitoka safi kabisa. Ilitoka kama mtu mzima anayetumia umeme. Wageni wakapiga makofi. Mimi nikatamani yale makaratasi ya ramani za zamani yaliyobaki kabatini yanifunike kama yanavyofunika mende.

Mama Siwema hakukaa. Alitabasamu kwa haya, akatoa daftari la mwanawe ndani ya kanga, akalifungua.

"Ahsante, mwalimu. Sitakuchelewesha. Ni hivi." Akakinyooshea daftari. "Huyu mtoto kila siku anayaandika haya ya usoni kwako. Daftari limejaa, na lile la kwanza limejaa. Nikimuuliza, Siwema, imeandikwa nini, anasema hajui, mwalimu hajatuambia bado. Mimi nami sijui. Juzi nimekaa sokoni chini ya kibao, nikamwita, nikamwambia haya, nisomee. Akakitazama, akalia."

Waziri anajua kusoma. Bwana Kandoro anajua kusoma. Mkaguzi, mke wa Bwana Kandoro, wakubwa wawili wa wizarani, wote wanajua, na maneno yalikuwa makubwa, meupe, mbele ya macho yao. Waziri aliangalia saa yake. Bwana Kandoro aliangalia dari. Mgeni mmoja akauliza kitu kwa lugha yao, na mkalimani akatazama viatu vyake. Dirishani Mwalimu Ndimbo alikuwa amesimama na jua lake kifuani, midomo wazi kidogo.

Siwema alishuka dawatini, akaja akasimama kando ya mama yake, mikono nyuma.

"Si lazima yote," Mama Siwema akasema, na akasogeza uso karibu zaidi na kioo, karibu mpaka pumzi yake ikatia ukungu juu yake, lakini hakukigusa. "Hata neno la kwanza tu, mwalimu. Nakuomba. Hapa pameandikwa nini?"